Sifuri Kwenye Daftari la Makohozi

Watoto wangu watatu wamesomeshwa na makohozi. Nasema hivyo kwa utani nyumbani, na wao hawapendi nikisema mbele ya wageni, lakini ndiyo kweli yenyewe. Miaka ishirini na sita nimekaa maabara ya hospitali ya wilaya, na kazi yangu kubwa humo imekuwa kupokea vikopo, kufungua vifuniko na kutafuta kifua kikuu. Hospitali sitaitaja, na gereza nitakaloliongelea sitalitaja pia. Waliokuwepo wanajua.

Zamani, kabla hatujaletewa mashine ya GeneXpert, tulikuwa tunapaka makohozi kwenye kioo, tunakausha, tunapitisha juu ya moto, halafu rangi nyekundu, halafu tindikali, halafu buluu, kisha darubini. Ukiona vijiti vyekundu vimelala kwenye uwanja wa buluu, umempata mtu. Vikiwa vingi unaandika alama tatu za jumlisha, na mtu wa jumlisha tatu humwachi aondoke. Unamwita nesi hapo hapo. Siku hizi mashine inatoa jibu ndani ya saa mbili, na inakwambia pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Ila iwe kioo, iwe mashine, mwisho wa yote kuna daftari. Na daftari letu lina safu inayoonyesha sampuli imetoka wapi: wodi ya wanaume, zahanati ya kijiji fulani, kituo cha afya fulani, gereza.

Mwaka huo safu ya gereza ilianza kwa vikopo vinne mwezi Januari. Februari viwili. Machi hakuna. Aprili hakuna. Mei, Juni, hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa najumlisha taarifa ya robo mwaka, na kwa mkono wangu niliandika sifuri, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alipokuja kusaini alisema, "Gerezani mwaka huu kuna nafuu." Nikamjibu, "Tumshukuru Mungu." Tukaendelea na habari ya vitendanishi vilivyochelewa.

Agosti akaja kijana mmoja na shangazi yake. Shati lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Aliachiwa na mahakama wiki tatu nyuma, kesi ya wizi wa pikipiki, mashahidi hawakutokea. Alikuwa amekaa mahabusu miezi tisa. Kikopo chake kilikuwa jumlisha tatu. Nikatoka nikamfuata kwenye benchi, jambo ambalo watu wa maabara huwa hatulifanyi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko ndani ulikuwa unakohoa?"

"Tulikuwa tunakohoa wote."

"Wangapi?"

Akacheka, cheko likageuka kikohozi, akageuzia uso ukutani. Ni adabu ya mtu aliyezoea kubanana na wenzake. "Mama, kule hatuhesabu wanaokohoa. Tunahesabu nafasi ya kulala."

Akanieleza. Selo iliyojengwa kwa watu thelathini ilikuwa na watu tisini na kitu. Walikuwa wanalala mchongoma, ubavu kwa ubavu, mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka. Lokapu ni saa kumi jioni. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Madirisha madogo, yako juu, na yale yanayopokea upepo yalizibwa kwa magunia kwa sababu ya baridi ya Juni. Nikapiga hesabu ambayo mtu yeyote wa kazi yangu angeipiga: saa kumi na nne kila usiku, hewa imetulia, vimelea vinaweza kuelea humo kwa saa nyingi, na ndani kuna mtu wa jumlisha tatu. Labda zaidi ya mmoja. Na mimi nilikuwa nimepiga mstari kwa rula.

Siku ile nilirudi kwenye daftari nikaiangalia ile sifuri kama mtu anayeangalia picha ya mwizi aliyemkaribisha chai. Sifuri kwenye ugonjwa wa hewa, mahali penye watu mia nne waliofungiwa, haiwezi kuwa nafuu. Maana yake ni kwamba hakuna anayeuliza. Nilijua hilo tangu chuoni. Nilichokosa ni sababu ya kulikumbuka, kwa kuwa gereza halikuwa langu. Lilikuwa na zahanati yake, tabibu wake, mkuu wake na taarifa zake. Likisema hakuna, mimi ni nani wa kusema ipo?

Nikamwambia mratibu. Naye hakunibeza, nampa haki yake. Miezi michache baadaye ikaundwa timu ndogo ya ukaguzi ya watu watano, wote kutoka nje ya magereza, na ikatafutwa mtu wa afya. Jina langu likapelekwa.

Hapa niseme jambo kuhusu sheria, maana wengi wetu tunadhani gereza ni nyumba ya mtu, haiingiliwi. Hapa Tanzania, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa sheria iliyoiunda ya mwaka 2001, ina mamlaka ya kutembelea magereza na kukagua hali za waliomo. Majaji na mahakimu nao huingia, ingawa wafungwa wakiona jaji wanachomwambia ni kesi, na ni haki yao. Mtu aliyekaa miaka minne bila hukumu hawezi kuanza na kikohozi. Mlango wa kisheria upo. Kazi iko kwa anayeupita: anakwenda kutazama nini?

Ziara yetu ya kwanza nailaumu hadi leo, na mimi nilikuwemo. Barua ilitangulia wiki mbili. Tulipofika chokaa kwenye kuta ilikuwa bado mbichi, harufu yake ilinikaba koo. Kwaya ya wafungwa ilituimbia. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Tulipouliza wagonjwa tukaambiwa wapo wachache na wamekwenda shamba. Wagonjwa, wamekwenda kulima! Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka; mimi nilishtuka usiku, nikiwa kitandani. Tulizungumza na wafungwa wanne walioandaliwa, nyapara akiwa amekaa katikati yao na askari amesimama mlangoni anachokonoa meno. Wote wanne walisema chakula ni kizuri. Gari letu lilipogoma kuwaka, tukarudishwa mjini na gari la gereza, na njiani dereva akatusimulia vizuri sana habari za mpira. Ripoti yetu ilikuwa na kurasa kumi na moja na picha. Mwishoni tuliandika kwamba hali kwa ujumla inaridhisha.

Gari lao, mbuzi wao, wafungwa waliochaguliwa na wao. Halafu tukajiita huru.

Baadaye, kwenye mafunzo, nilisikia kisa cha Afrika Kusini kikanikumbusha yule mbuzi. Wenzetu wale wana chombo maalumu cha ukaguzi wa magereza kinachoongozwa na jaji, kimeundwa kwa sheria ya 1998. Lakini fedha zake zilikuwa zinapitia idara ile ile inayokaguliwa. Shirika moja la kiraia likalipeleka suala hilo mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama ya Katiba ikasema mpangilio huo haukidhi uhuru unaotakiwa. Mtu anaweza kudhani ni ubishi wa mawakili. Mimi niliyepanda gari la gereza kurudi nyumbani niliielewa hukumu ile bila kufafanuliwa.

Kwenye mafunzo hayo hayo ndipo nilipoyasoma vizuri yale masharti ya Umoja wa Mataifa yanayoitwa Kanuni za Nelson Mandela, yaliyopitishwa Desemba 2015. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile kinachopatikana uraiani, na matibabu yasikatike, na inataja kifua kikuu kwa jina. Kanuni ya 84 inawapa wakaguzi haki ya kuchagua wenyewe gereza la kwenda, kufika bila taarifa, kuona kumbukumbu zote, na kuzungumza na wafungwa faraghani. Jina la Mandela pale wala si pambo. Mwaka 1988 mzee mwenyewe alipatikana na kifua kikuu akiwa mfungwa katika gereza la Pollsmoor, Cape Town. Na Pollsmoor hiyo hiyo, miaka mingi baadaye, mahabusu mmoja aliyeingia mwaka 1999 akiwa mzima alipata kifua kikuu humo kabla ya kuachiwa huru 2004. Akaishtaki serikali. Hoja ya kumpinga ilikuwa kwamba hawezi kuthibitisha ni kimelea cha nani kilichomwingia. Kweli, nani anaweza? Ukilala katikati ya watu wanaokohoa, utamshika nani shati? Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi. Niliposikia hivyo nilimkumbuka kijana wangu wa pikipiki. Yeye hakuwahi kumshtaki mtu. Alichoniomba ni nauli ya kurudi kuchukua dawa.

Ziara ya pili tulikwenda na kibali cha kufika bila taarifa. Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mlangoni tukaambiwa mkuu wa gereza yuko kwenye kikao, tusubiri. Tukavuka barabara, tukakaa kwa mama mmoja wa chai na chapati. Katika muda ule wa kungoja, mama yule alitufundisha kuliko ziara nzima ya kwanza. Alisema wake wa askari wa kota za magereza wananunua sana dawa ya kikohozi ya maji pale dukani kwa jirani yake. "Za watoto?" nikamuuliza. "Za watoto, na za baba zao." Nikaandika kwenye kiganja kwa sababu daftari nililiacha garini.

Saa nne na nusu tukaingia. Mwanasheria wetu, binti mdogo lakini mkali, akasema anataka kuona selo. Mimi nikasema naomba kwanza madaftari. Mwenyeji akafurahi, alidhani nimechagua kazi rahisi.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati moja. Tabibu wake alikuwa sajenti, mtu mtaratibu, mwandiko mzuri. Aliniletea daftari la wagonjwa wa nje, akakaa pembeni. Nilichukua mwezi mmoja, Mei, mwezi wa ile sifuri yangu. Nikahesabu kwa kidole. Kikohozi. Homa na kikohozi. Maumivu ya kifua. Kikohozi. Watu hamsini na wanane. Dawa waliyopewa: amoksilini na dawa ya kikohozi, amoksilini na dawa ya kikohozi, mstari baada ya mstari, kama wimbo wa shule. Vikopo vya makohozi vilivyotumwa kwangu: hakuna. Majina mengine yalijirudia mara tatu, mara nne. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili anatakiwa kupimwa. Hata ukuta wa hospitali yetu una bango linalosema hivyo.

Jina moja lilikuwepo Machi, likawepo Aprili, likawepo Mei mara mbili. Juni halimo.

"Afande, huyu yuko wapi?"

Akalitazama lile jina muda mrefu kuliko inavyohitajika kulisoma. "Alipelekwa hospitali ya mkoa."

"Akarudi?"

"Hakurudi, daktari."

Mimi si daktari, lakini sikumsahihisha.

Nilitegemea nimchukie mtu yule, ingekuwa rahisi. Akaanza kunieleza mwenyewe, bila kulazimishwa, na sauti ya chini. Vikopo viliisha Februari, akaomba, havikuja. Kutuma sampuli hospitali kunahitaji gari, na gari lina mafuta ya kupeleka mahabusu mahakamani tu, safari nyingine zinasubiri. Kumpeleka mfungwa mwenyewe kunahitaji askari wawili wenye silaha, na zamu hazitoshi. Halafu kuna chumba cha kutenga wagonjwa, kipo, alinionyesha: kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi hadi dirishani. "Sasa nikimwandika mtu ana TB, lazima nimtenge. Nitamtenga wapi, juu ya mahindi? Nisipompima namwandikia kikohozi, nampa amoksilini, angalau amepata kitu." Akanyamaza kidogo. "Na mimi, daktari, nilivaa cheo kabla ya kuvaa koti. Taarifa yangu haiji kwako. Inapita kwa mkuu wangu, yeye ndiye anayeniandikia tathmini."

Hivyo ndivyo sifuri inavyozaliwa. Hakuna aliyekaa kikao akasema tufiche ugonjwa. Imetokana na vikopo, mafuta, mahindi, na mtu mmoja mwenye mabosi wawili, wa kwanza akiwa na cheo na wa pili akiwa ni taaluma yake tu. Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote. Nimeona sifuri za namna hiyo kwenye mambo mengi, hata kwenye taarifa zangu mwenyewe. Mtu wa ndani peke yake hawezi kuivunja, kwa sababu kuivunja ni kumletea mkuu wake tatizo lisilo na fungu la fedha. Ndiyo maana anatakiwa mtu wa nje, tena asiyemtegemea yule mkuu kwa mshahara, wala kwa gari, wala kwa chakula cha mchana. Siku ile tulikula mihogo yetu ya kukaanga garini. Mwenyeji alisononeka, tukamwomba radhi.

Mazungumzo na wafungwa tuliyafanyia chini ya mwembe, askari wakiwa mbali, wanatuona lakini hawatusikii. Mwanasheria alisimamia hilo kwa dakika arobaini kabla halijakubaliwa. Nilikuwa nimejiandaa na maswali yangu ya kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito. Mzee wa kwanza alinisikiliza kwa heshima, kisha akatanua vidole vyake mbele yangu. Katikati ya vidole palikuwa pamechimbika kwa upele. "Mama, wewe unauliza kikohozi. Sisi tunakunwa." Wa pili vile vile. Wa tatu alisema maji: ndoo moja kwa watu sita, na usiku mtondoo, ile ndoo ya haja ya selo, unafurika kabla ya alfajiri. Nikaona kwamba nimekuja na ugonjwa wangu mfukoni, wa kwao sikuuliza. Nikaliweka karatasi langu chini, nikawaacha waseme. Kikohozi kilikuja chenyewe, mwishoni, baada ya sabuni na maji. Mtu hawezi kukuonyesha kifua kabla hujamwona ngozi.

Mmoja aliomba tusiandike jina lake. "Nyie mkishatoka, sisi tunabaki." Nimeyabeba maneno hayo kuliko yote niliyoyasikia pale. Tangu siku hiyo timu yetu ikawa inazungumza na watu wengi, hata wale wasio na la kusema, hata wanaotaka kupiga soga tu, ili atakayesema jambo zito asijulikane ni yupi. Na hatukuwa tunamwita mtu kwa jina atoke peke yake mbele ya wenzake. Nilikuta mahali pengine wakaguzi wakifanya hivyo, kwa nia njema kabisa, na nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya wiki sita tulirudi. Hii ya kurudi ndiyo iliyowashangaza. Wageni wa magereza huwa hawarudi, wanatuma ripoti. Safari hii tulikuwa na vikopo katoni mbili na vijana wawili wa maabara yangu. Tukawatoa watu uwanjani kwa makundi, nje kwenye jua na upepo, kila mmoja akakoholea pembeni kwenye kikopo chake. Ilituchukua siku tatu. Askari walikuwa wanatutania, wakaanza kusogea, mmoja akauliza kama na yeye anaweza. Nikamkumbuka mama wa chapati. Nikasema wote mnaweza.

Majibu yalipotoka, watu tisa walikuwa na kifua kikuu. Mmoja kati yao alikuwa na kile kilicho sugu kwa rifampisini, akapelekwa Kibong'oto kule Kilimanjaro, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa kifua tangu 1926. Na mmoja kati ya tisa alikuwa askari. Baba wa watoto wanne, anaishi kwenye kota, chumba na sebule.

Sitaki kuwa mkali, lakini nitasema nilivyoona. Magunia ya mahindi yaliyokaa kwenye kile chumba cha kutenga mwaka mzima yalihamishwa siku mbili baada ya jibu la askari. Nane wa kwanza hawakuyasogeza hata gunia moja. Mkuu wa gereza, ambaye alikuwa anatuita "wageni wetu" kwa ile sauti ya kubana meno, alikuja mwenyewe hospitali, akakaa kwenye benchi lile lile la kijana wa pikipiki, akaniuliza: "Dada, na mimi nilete wanangu?" Nikamwambia alete. Alileta, walikuwa wazima. Tangu hapo akawa anapokea simu zangu. Rasimu ya ripoti yetu tulimpelekea kwanza aisome. Alisahihisha mambo mawili, na yote mawili alikuwa na haki, tulikuwa tumekosea idadi ya selo na tarehe.

Kuna watu wakisikia habari hizi wanasema dawa ni ukali, wagonjwa wabanwe. Ukali ulijaribiwa. Kenya, mwaka 2010, wagonjwa waliokatisha dozi ya kifua kikuu walikamatwa wakapelekwa gereza la Kapsabet, amri ikisema wakae humo miezi minane wakitibiwa. Yaani mtu anayeambukiza kwa hewa anapelekwa mahali penye hewa chache kuliko zote. Walitoka baada ya siku 46, na kesi ikaendelea hadi Machi 24, 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu Nairobi alipoamua kwamba kuwafunga vile kulikiuka katiba. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Sijui kama ilipangwa, ila wafanyakazi wenzangu wa maabara waliipenda sana.

Shida iliyonishinda kwa muda mrefu ilikuwa ndogo kwa sura. Dozi ya kifua kikuu ni miezi sita: miwili ya dawa nne kwa pamoja, minne ya dawa mbili. Mfungwa mwenye kifungo unajua atakuwepo. Mahabusu hujui. Asubuhi anapanda karandinga kwenda mahakamani, hakimu anamwachia saa sita mchana, na kutoka kizimbani anakwenda moja kwa moja stendi. Nani atarudi gerezani kuchukua vidonge? Katika wale tisa, wawili walitupotea hivyo mwezi wa kwanza. Mmoja tulimpata kwa msaada wa mwenyekiti wa kitongoji chao. Wa pili hatukumpata.

Tulikaa na tabibu sajenti tukafikiri. Wazo lilikuwa lake: kila mahabusu mwenye TB anapokwenda mahakamani apewe bahasha ya kaki yenye dawa za siku saba na barua ya rufaa, hata kama ana uhakika wa kurudi jioni. Wiki ya kwanza bahasha zilichukuliwa kwenye upekuzi wa mahabusu ya mahakama, wakidhani ni dawa za kulevya. Mmoja alishikwa akakojoa mkojo wa rangi ya chungwa, kama inavyokuwa kwa anayekunywa rifampisini, wakazidi kuamini. Ikabidi mkuu wa gereza aandike barua yenye muhuri, na mimi niende nieleze pale mahakamani habari za mkojo mbele ya askari sita waliokuwa wanaangalia chini. Sasa bahasha zinapita.

Niseme pia yasiyokwenda. Selo bado ina watu tisini. Tuliandika kuhusu madirisha, magunia yakatolewa, Juni iliyofuata yakarudi, na ukiambiwa ulale chini bila blanketi la kutosha na wewe utaziba. Maji yaliongezeka mabomba mawili, moja likafa. Upele ulipungua, ukarudi. Ripoti yetu ya pili, ile ya kweli, ilikaa mezani kwa mtu muda mrefu, na nilipoulizia niliambiwa inafanyiwa kazi. Timu yenyewe ilivunjika mradi ulipoisha. Mwanasheria yuko Dodoma siku hizi, ananitumia salamu za Idi. Nimebaki mimi na daftari langu, na simu ya sajenti.

Mwezi uliopita nilikuwa najumlisha. Safu ya gereza: wiki ya kwanza vikopo vitano, ya pili vitatu, ya tatu hakuna, ya nne hakuna. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini, nikapiga simu.

"Afande, habari za kazi. Naona hujanitumia kitu wiki mbili."

"Daktari," akasema, na nyuma yake nilikuwa nasikia watu wanahesabiwa, sitini na moja, sitini na mbili, "vikopo vimeisha."

Nikatoka nje, nikamwita kijana wa bodaboda anayeegesha getini, nikampa katoni moja na elfu tatu, nikamwelekeza barabara ya gereza.